Moto Uliopanda Mlima Ndani ya Pasi

Kwenye mlima wa kina Nyirasafari, juu kidogo ya ziwa na mwendo wa kawaida kutoka mjini Gisenyi, mtu aliyeamka akakuta jiko lake limezimika hakuwa na haja ya kuhangaika. Alichukua kigae cha chungu kilichovunjika, akaenda kwa jirani, akaomba makaa. Kiberiti kilikuwa kitu cha dukani, cha kuwashia taa na sigara za wageni. Moto wa kupikia ulitoka kwa jirani. Na jirani huyo aghalabu alikuwa Nyirasafari, kwa kuwa alikuwa mkausha samaki, na moto wake haukuzimika. Jioni aliufunika kwa majivu kama anayemfunika mtoto, alfajiri akaufukua, nao ulikuwa hai.

Basi kulipopambazuka uani kwake walijaa wanawake, kila mmoja na kigae chake, na pamoja na makaa waliondoka na habari: nani amechumbiwa, nani amekosana na mama mkwe, ng'ombe wa nani amezaa. Nyirasafari alipenda maneno. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuja kila siku bila kukosa, na Nyirasafari alimuuliza mbele ya wenzake kama mumewe anakula makaa. Lakini alimpa. Pale mlimani mtu aliweza kukunyima binti yake, hata akakunyima maziwa, na bado mkasalimiana. Akikunyima moto, basi mmekwishakuwa maadui.

Yeye mwenyewe hakuzaliwa ziwani. Kwao kulikuwa milimani huko, kupita misheni ya Nyundo, ambako watu wa siku hizo waliwadharau wanaokula samaki. Mama yake alimzaa njiani familia ikiwa inahama, ndiyo maana akapewa jina hilo. Alipoolewa na mvuvi, ndugu zake walimlilia kama anayezikwa. Mwaka wa kwanza alipika samaki huku amejiziba pua kwa kitambaa. Mwaka wa pili alionja. Baadaye hapakuwa na mtu sokoni Mahoko wala mjini aliyeweza kuuza samaki mkavu mbele yake. Mteja akilalamika kwamba samaki ni mdogo, alimjibu kwamba hata yeye alikuwa mdogo, ila mama yake alimvumilia.

Mumewe alifariki akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Théogène, ambaye naye alikuwa mvuvi, kimya kama baba yake. Alimwachia pia undugu usio na faida: marehemu alikuwa binamu wa chifu mdogo wa eneo lile. Kwa miaka yote undugu huo haukuwapa hata jembe. Chifu alipopita aliwapungia mkono tu, basi. Lakini ilipofika Novemba ya mwaka hamsini na tisa, watu wakaanza kuchomewa nyumba kwa sababu ya kabila walilozaliwa nalo na undugu wao na machifu, kupungiwa mkono kukawa jambo kubwa.

Moshi ulionekana kwanza upande wa Mahoko, mchana kweupe. Siku iliyofuata ulikuwa karibu zaidi. Familia nyingine zilibeba watoto zikaenda kuomba hifadhi kwa mapadri Nyundo. Nyirasafari hakuondoka mara moja. Alikaa uani akaitazama nyumba yake, kisha akamwambia Théogène apande juu aiezue.

Théogène alidhani mama yake amechanganyikiwa. Lakini Nyirasafari alikuwa ameona vita akiwa msichana, wakati Wajerumani na Wabelgiji walipopigania mji ule, na jambo moja alilikumbuka: kinachowaka ni nyasi, udongo hauwaki. Nyumba isiyo na paa haina pa kushikia moto. Mwana akapanda kwa aibu, akaanza kutupa nyasi chini, na watu wakasogea kutazama. Jirani yao Mbonigaba, ambaye shamba lake lilipakana na lao, aliuliza kwa sauti kama mama huyu ameamua kuwapunguzia wachomaji kazi.

"Nyumba iliyokwisha kuvuliwa nguo haivuliwi mara ya pili," Nyirasafari alimjibu. "Wewe kaa na yako imevaa, tuone."

Watu walicheka. Mbonigaba alicheka pia, ingawa baadaye kicheko kile kilikumbukwa kwa namna nyingine.

Vyungu walivijaza mawe, wakavizamisha ziwani katikati ya matete. Mitumbwi ilikuwa imeshavutwa nchi kavu kwa amri ya serikali, kwa hiyo njia ilikuwa ya miguu tu. Mwisho kabisa Nyirasafari alichukua maji akamwagia jiko, ili kusionekane hata uzi wa moshi. Mkwewe Uwimana, aliyekuwa na mimba ya kukaribia kujifungua, hakulia paa lilipoondolewa. Alilia jiko liliposema *shwaa*.

Walikimbilia mtaa wa Waislamu mjini, kwa fundi cherehani Kadiri. Mkewe Saidati alikuwa mteja wa Nyirasafari tangu zamani, na walikuwa wamegombania bei kwa muda mrefu kiasi cha kuwa ndugu. Mtaa ule uliachwa nje ya ugomvi. Wakazi wake walihesabiwa kuwa watu wa biashara na msikiti, hawakuwa wa upande huu wala ule, nao waliitumia nafasi hiyo vizuri: kila ua ulikuwa na wageni. Uwimana alijifungua mtoto wa kike kwenye chumba cha kushonea, Saidati akiwa mkunga, na kwa haraka mtoto akaviringishwa kwenye kitambaa cha kaki kilichokuwa kimekatwa tayari.

Kadiri alichungulia, akakitambua kitambaa. "Mwenye suruali yake akija kuulizia," alisema, "nimwambie imezaa?"

Wakati huohuo kule mlimani kundi lilipita. Nyumba mbili za juu zilichomwa, na mzee mmoja aliyekataa kutoka alipigwa vibaya, hakupona. Walipofika kwa Nyirasafari walikuta kuta na mbingu. Walidhani wenzao wamekwishamaliza hapo, wakasonga mbele. Hayo yalisimuliwa na majirani waliokuwa wamelala migombani. Mbonigaba alikuwa wapi, hakuna aliyejua kwa hakika. Mwenyewe alisema alijificha kwenye mtama. Wengine walisema mtu aliyejificha kwenye mtama harudi nyumbani ananuka moshi.

Baadaye wakaja askari wa Kongo pamoja na Wabelgiji, nyumba zikaacha kuwaka, na tangazo likatolewa kwamba watu warudi kwao. Walirudi. Chini ya mlima askari walikuwa wameweka kizuizi: pipa moja, mti uliolazwa njiani, na turubai ambalo chini yake walipika chai. Amri yao ilikuwa nyepesi. Mafuta ya taa hayapiti. Moto haupiti. Anayeonekana njiani na moto ni mchomaji, atafungwa.

Amri hiyo ilitungwa na mtu ambaye hajawahi kuomba makaa kwa jirani. Nyirasafari alifika na kigae chake kilichojaa makaa ya jikoni kwa Saidati, kama binadamu yeyote anayerudi nyumbani. Askari alikipokea, akakigeuza juu ya mtaro wa maji, akamrudishia kigae kwa heshima zote.

Ndipo ilipojulikana kwamba mlima mzima hauna moto. Walioondoka walizima majiko. Waliobaki walizima pia, wasionekane. Mjini wenye maduka walikuwa wameficha viberiti, kila mmoja akiogopa kuulizwa baadaye ni nani aliyemuuzia nani. Wazee wawili walijaribu kupekecha vijiti, lakini Novemba hakuna kijiti kikavu. Watu walikula viazi vilivyopikwa mjini, vya baridi, wakitazamana.

Nyumba ya Nyirasafari ilikuwa imesimama, ila mvua ilikuwa imeingia bila kubisha hodi. Nyasi za paa walizozificha migombani zilikuwa zimeoza, na sehemu nyingine zimechukuliwa. Théogène alitandika mikeka na majani ya mgomba juu ya pembe moja, na hapo ndipo walipolala wote wanne. Asubuhi mikono ya mtoto ilikuwa baridi kama samaki. Uwimana aliipulizia pumzi, kisha akaiweka kwapani kwake.

Aliyesema ni Théogène. Alikuwa amekwishafunga mizigo yao.

"Mama, mtoto hawezi kulala hivi tena. Kama hakuna moto hapa leo, kesho tunavuka kwenda Goma kwa mjomba wa Uwimana. Na mimi sitarudi."

"Mimi je?"

"Twende wote."

"Na jiko langu nani atalikalia, vyura?"

Théogène hakucheka. Mama yake alimfahamu: alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja kwa mwaka, na hilo la mwaka huo alikuwa amelisema. Alijua pia kwamba waliovuka wiki ile hawakuwa wakizungumza habari za kurudi. Mjukuu wake wa kwanza angekulia kule, na yeye angekuwa bibi wa kutumiwa salamu. Alijifunga kanga ya pili, akateremka kwenda mjini.

Kadiri hakuwa na kiberiti, na kama angekuwa nacho kingekamatwa kizuizini. Alimsikiliza huku akipiga pasi, maana mwenye suruali alikuwa amepatiwa kitambaa kingine. Ilikuwa pasi ya mkaa, ya chuma, yenye jogoo mdogo mbele wa kufungia mfuniko. Vitundu vya ubavuni vilitoa mwanga mwekundu. Nyirasafari alianza kuvitazama vile vitundu. Kadiri aliona anavyovitazama.

"Hapana," alisema. "Mama Théogène, hapana. Hii pasi ndiyo mke wangu wa pili."

"Mpe," Saidati alisema kutoka ndani. "Mke mwenzangu akasafiri kidogo, tupumzike."

Kadiri alimpa, lakini kwanza alimfundisha kama anayemwachia mtu mtoto mgonjwa. Aliweka mkaa mgumu chini na juu, katikati akapanga makaa yaliyoshika vizuri. Asiufungue mfuniko njiani. Asiifunike kwa nguo, itakosa pumzi. Aibembeze akitembea, mbele na nyuma, upepo uingie vitunduni. Asiikimbilie, akianguka nayo ataungua yeye kabla ya mlima. Saidati akamwekea kichwani kikapu chenye mashati mawili yaliyonyooshwa, ili aonekane mtu wa kazi hiyo. Nyirasafari hakuwahi kupiga pasi hata siku moja. Nguo zake zilinyooka zenyewe kwa kukaliwa.

Alitembea akiibembeza pasi mpaka bega likauma. Kizuizini alikutana na kaporali aliyenyoosha mguu njiani.

"Mama, iko nini kwa mukono?"

"Pasi, kaporali. Mi napigia watu nguo pasi."

"Kule mulima yote ni matope. Nani anataka nguo ya pasi?"

Nyirasafari hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alisema neno la kwanza lililompitia kichwani. "Kesho iko Misa. Mutu haendi kwa Mungu na makunyanzi."

Kaporali alimtazama, akatazama mashati kikapuni, akatazama shati lake mwenyewe lililokuwa limelala naye chini ya turubai tangu alipofika. Akaanza kufungua vifungo.

"Bon," alisema. "Na mi naenda Misa. Anza na yangu."

Walilitandaza shati juu ya pipa. Nyirasafari aliishika pasi kwa mikono miwili kama anayesonga ugali mgumu. Alijua jambo ambalo kaporali hakulijua: kila kunjo lililonyooka lilikula joto la mjukuu wake. Alitaka kwenda haraka, lakini haraka ilizaa makunyanzi mapya. Mkono wa kushoto wa shati ulipata mstari uliozunguka kama bangili. Kaporali, kifua wazi, alisimama nyuma yake akitoa maelekezo. Alikuwa mtu mpole kweli, na hilo ndilo lililochelewesha mambo.

Shati lilipokwisha, askari wa pili alileta kaptura yake. Nyirasafari alisogeza kiganja karibu na vitundu. Mwanga mwekundu ulikuwa umebaki kama macho ya paka. Aliona kabisa mizigo ya Théogène ikivuka mpaka. Kisha akaona sufuria ya chai chini ya turubai, na kilichokuwa chini ya sufuria.

"Pasi imelala, kaporali," alisema. "Haiwezi kaptura. Mukitaka mustari muzuri, mi nahitaji makaa."

Kaporali alikasirika kidogo, lakini aliikasirikia pasi, hakumkasirikia mwanamke. Alifungua jogoo mwenyewe, akamwaga majivu mtaroni, akapiga magoti na kuchota makaa ya serikali kwa kifuniko cha sufuria mpaka pasi ikajaa. Kaptura ikanyooka. Mstari ulipita upande badala ya mbele, ila mwenyewe alishukuru, akasema kule kwao mama yake angefurahi kumwona hivyo. Wakamsaidia kupandisha kikapu kichwani, wakaondoa ule mti njiani ili apite bila kuuruka.

Hakucheka mpaka alipopita kona ya kwanza. Hapo ilibidi akae chini.

Moto uliwashwa pale penye pembe kavu, kwa vijiti vilivyokaushwa juu ya pasi yenyewe. Uwimana alimvua mtoto kile kitambaa cha kaki, akamgeuzageuza mbele ya moto kama mkate, tumbo kisha mgongo, hadi akanyoosha vidole na kuanza kulia kwa sauti ya mtu mwenye nguvu. Théogène alitazama. Alisema ni vizuri. Hakusema habari ya mizigo, wala hakuifungua.

Moshi ulipanda juu ya kuta, na mlima mzima ukauona. Hawakungoja alfajiri. Walikuja mchana ule ule na vigae chini ya nguo, kwa njia za migombani, wakitazama nyuma kama wezi wa ndizi. Yule mwanamke wa kila siku alikuwa wa kwanza. Nyirasafari alimuuliza mumewe amekula nini siku zote hizo. Watu wakacheka wakaziba midomo, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka pale uani tangu paa lilipoondolewa.

Wa mwisho alikuwa Mbonigaba. Alisimama mpakani mwa shamba na kigae chake, hakuvuka. Kicheko kikaisha. Théogène alitoka akasimama kati yake na moto.

"Huyu hapati," alisema.

Wanawake walitazama chini. Kumnyima moto mbele ya watu kulikuwa hukumu, na hukumu ya namna hiyo haifutiki mwaka huo wala unaofuata. Kumpa nako kulikuwa kutamka neno, kwamba amesamehewa. Nyirasafari alichutama akichokoa makaa kwa kijiti, kwa muda mrefu kuliko makaa yalivyohitaji.

"Mbonigaba," alisema mwishowe, "ile siku ulikuwa wapi, Mungu anajua, na wewe unajua. Sikuulizi leo. Moto sikunyimi, sijawahi kumnyima mtu. Lakini huu moto hauna paa. Mvua ikija jioni utazimika, tutakosa mimi na wewe. Zile nyasi zako kavu za kiangazi, kwenye kibanda cha ndama, bado ziko?"

Mbonigaba alisema ziko.

"Basi."

Mbonigaba akaondoka bila moto. Théogène alimwambia mama yake kwamba hatarudi, na heri asirudi. Lakini alirudi, na mzigo wa nyasi kichwani mkubwa hata uso hauonekani. Akautua, akaenda kuleta mwingine. Alileta mpaka kibanda cha ndama kikabaki wazi.

Hakuna mtu anayeezeka nyumba peke yake. Mmoja lazima awe juu, mwingine awe chini wa kurusha. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka upande wa volkano. Théogène aliyatazama, akamtazama mtoto, akapanda. Mbonigaba alirusha fungu la kwanza, likadakwa. La pili likadakwa. Walifanya kazi hivyo bila neno, kama watu wawili wanaocheza karata za hasira, mpaka fungu moja likapita pembeni likaanguka ndani, karibu na moto.

"Kushoto," Théogène alisema.

Mbonigaba akarusha kushoto.

"Kushoto kwangu, si kwako."

Wanawake waliobaki walianza kupasua magamba ya migomba ya kufungia, lakini yalikuwa mabichi na yalikatika. Matone ya kwanza yalianguka. Uwimana, mtoto mgongoni, alisimama mlangoni kando ya mizigo. Alimuuliza mumewe kama aihamishie kwa jirani isilowe, kwa kuwa kesho ni safari.

Théogène alikuwa ameshika nyasi kwa goti na kwa meno. Alizitoa mdomoni.

"Ifungue," alisema. "Nirushie hizo kamba zote. Huoni upepo utanibebea paa?"

Uwimana alichuchumaa akaanza kufungua mafundo. Yalikuwa yamekazwa sana, na ya mwisho ilibidi Nyirasafari aje ayafungue kwa meno.